NYUMBA ZA KUPANGA: NANI ANAKUKAGULIA? (Sehemu ya 4)

Baada ya ile sehemu ya unyevu wa chumba na kifua cha mtoto, wengi mkaniuliza: hivi hapa Same kuna sheria ya kuandikisha na kukagua nyumba za kupanga? Jibu lina historia ndefu kidogo, nivumilieni.

Anzeni na neno lenyewe. Unachomlipa mwenye nyumba ni kodi, na unachoilipa serikali nacho ni kodi. Ndiyo maana mtu akisikia "tunaandikisha nyumba" anashika mfuko wake kwanza! Na ana sababu. Mjerumani alipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, nyumba ya kijijini ilidaiwa rupia 3, na asiyekuwa nazo aliweza kulipishwa kwa kazi. Mwingereza akaja akaendelea kutoza. Karani alihesabu milango tu. Kama ndani mna dirisha, au watoto wanalala wangapi, hayo hayakumhusu.

Kwetu Upare ilifika mbali zaidi. Miaka ya 1940 ikaletwa ile kodi ya mbiru, kila mtu akadiriwe kwa mali aliyonayo. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume wakashuka milimani wakapiga kambi hapa hapa Same, makao makuu ya wilaya, kuikataa. Akina mama nao hawakukaa kimya. Inasimuliwa walimwambia mkuu wa wilaya Mwingereza amalize jambo hilo, la sivyo awape yeye mimba, maana waume zao wako Same kwa ajili yake. (Bibi zetu hao!) Mwishowe mbiru ikaondolewa. Lakini ile hofu ya mtu mwenye daftari mlangoni, mimi naiona mpaka leo.

Ukaguzi wenyewe ulikuja kwa njia nyingine, njia ya magonjwa. Mijini bwana afya alipita nyumba kwa nyumba akitafuta maji yaliyotuama, taka na vyoo vibovu. Watu walimwogopa kwa sababu ya faini.

Baada ya Uhuru tukapata balozi wa nyumba kumi, ambaye alijua nani kahamia na nani kahama. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo makubwa ya kupangisha. Mwaka 1984 ikatungwa sheria ya kudhibiti kodi za pango, mwenye nyumba asikupandishie wala kukutoa anavyojisikia. Mwaka 2005 sheria hiyo ikafutwa, na haikuja nyingine maalum ya mpangaji kuchukua nafasi yake. Kwa maoni yangu hapo aliyeumia ni mama wa chumba kimoja, maana ndiye analipa miezi sita kwa mkupuo na hana nguvu ya kusema "rekebisha choo kwanza".

Ila hatukubaki mikono mitupu. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa afya uwezo wa kuingia kwenye nyumba, kukagua, na kumwandikia mwenye nyumba notisi aondoe kero: choo kilichojaa, maji machafu yanayotiririka uani. Huhitaji kugombana na baba mwenye nyumba. Nenda ofisi ya kata, muulize mtendaji afisa afya anapatikana lini, mweleze. Ukiogopa kwenda peke yako, nendeni wapangaji watatu. Mgogoro wa pango lenyewe, kama kufukuzwa, huo ni wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Na daftari la wakazi? Jiandikishe. Nasema hivi kwa sababu ya kazi yangu. Mtu akikutwa na kifua kikuu, tunatakiwa tuwafikie wote wanaolala naye chumba kimoja, watoto wa chini ya miaka mitano kwanza, wapimwe na waanze dawa za kinga. Tunamtafuta kwa kitongoji na kwa jina la mwenyekiti. Sasa mpangaji aliyeshuka kutoka Chome au Mamba, kakaa miezi mitatu, kahama na simu haipatikani, mwenyekiti anatuambia "huyo simjui". Mtoto wake naye hatumpati.

Ukihamia chumba kipya, wiki hiyo hiyo pita kwa mwenyekiti. Mpe jina lako, idadi ya watoto na namba ya simu. Siku ya kuhama, mpitie tena umwambie unaelekea wapi.