Madaraka Yako Mikononi mwa Nani?



Leo tutaongea juu ya namna serikali inavyogawa madaraka. Musiseme hayo ni ya watu wa siasa. Mutu aliyekimbia ana maulizo matatu: nani atalinda njia, nani atasema shamba ni la nani, na nani anashika pesa ya kujenga tena masomo. Majibu yote yanatoka hapo.

Katika serikali ya umoja, mji mkuu ndio wenye madaraka, nao huyakopesha majimbo. Katika shirikisho, katiba yenyewe inayapa majimbo sehemu yao, na mji mkuu hauwezi kuiondoa peke yake. Inchi yetu imejaribu kila njia.

Mwaka 1960 Kongo ilianza na majimbo 6. Tangu 1962 yalikatwa mpaka yakafika 21, nasi tukawa jimbo la Kibali-Ituri. Katiba ya tarehe 1 Agosti 1964 iliyapa uwezo mkubwa. Lakini mwaka uleule vita ya Simba ilishika sehemu kubwa ya mashariki. Basi kukata mipaka peke yake hakuleti amani.

Mobutu alitwaa utawala tarehe 24 Novemba 1965. Majimbo yakapunguzwa hata 8, na magavana wakatumwa kutoka Kinshasa. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali. Ardhi ya vijiji ilipaswa kupangwa kwa agizo la Raisi. Miaka makumi ikapita bila agizo hilo. Aliyejua njia ya ofisi alipata hati, na mlimaji akabaki na neno la wazee tu. Ugomvi wa mashamba ulikuwa mojawapo ya mambo yaliyowasha vita ya Djugu mwaka 1999.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasimama katikati. Jeshi ni la Kinshasa. Gavana huchaguliwa na wajumbe wa jimbo, na jimbo linapaswa kubakia na 40 kwa mia ya mapato ya taifa yanayotoka kwake. Kwa matendo, majimbo yalipata chini ya hapo. Ituri ikawa jimbo mwaka 2015. Sekta na sheferi zina mfuko na halmashauri yao kwa sheria ya 2008. Administrateri wa teritware, yeye, anawekwa kutoka juu.

Kisha tarehe 6 Mei 2021 utawala wa kijeshi, ule tunaouita eta de siyeji, ulianza hapa. Gavana mwanajeshi akachukua nafasi ya yule aliyechaguliwa, na baraza la jimbo likasimamishwa. Usiku wa tarehe 1 Februari 2022, watu karibu 60 au zaidi waliuawa katika kambi ya Plaine Savo, hapa karibu. Sisemi askari hawakufanya kazi. Ninasema kukusanya madaraka katika mikono michache si ulinzi tosha. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Majirani wa Kenya walipigana baada ya uchaguzi wa 2007. Katiba yao ya 2010 iliunda kaunti 47, zenye magavana na mabaraza ya kuchaguliwa, na kuzipa si chini ya 15 kwa mia ya mapato ya taifa. Ugomvi haukuisha wote, lakini anayekosa kiti cha Nairobi hakosi kila kitu.

Wakubwa wetu, basi, musibebe lawama isiyo yenu, wala musifiche iliyo yenu. Ulinzi wa njia tuuulize Kinshasa na wanaoiwakilisha hapa. Pesa ya sekta tuiulize sekta. Ugomvi wa shamba uanzie kwa wazee wa pande zote mbili, na mapatano yaandikwe, ili ofisi ya ardhi na tribinali wayaone.

Nanyi mulio kambini, Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mukongomani haki ya kuandikia wakubwa, peke yake ao pamoja na wengine. Mukae pamoja, Wahema, Walendu na wengine, muandike barua moja. Jirani muliyetia naye sahihi ndiye mutakayerudi kulima karibu naye.