Sura Isiyongoja: Taarikhi ya Kuutambua Uyoga wa Msituni na Kuuhifadhi kwa Picha

Katika vyote vinavyoota ardhini, hapana kilichowasumbua wataalamu kuliko uyoga. Kwani jani laweza kukandamizwa baina ya karatasi likakauka na kubaki na umbo lake karne nzima, na ua, ijapokuwa rangi yake hufifia, halipotezi mpango wake, lakini uyoga ukichumwa asubuhi, ifikapo alasiri umekwisha kunywea, rangi yake imegeuka, harufu yake imekuwa nyingine, na pengine funza wamekwisha kuula ndani kwa ndani. Kwa hiyo taarikhi ya kuutambua uyoga wa porini ni, kwa sehemu iliyo kubwa, taarikhi ya picha: kwanza picha za kalamu na rangi za maji, kisha za kamera. Nayo ni vilevile taarikhi ya wenyeji wa misitu, waliokuwapo saa uyoga ulipochomoza na wakaujua kwa jina kabla mtaalamu yeyote hajafika na daftari lake.

Mtaalamu Clusius, ambaye khabari zake za uyoga zilipigwa chapa mwaka 1601, alilifahamu jambo hili mapema. Alipokuwa akizunguka katika ardhi ya Hungaria alichorewa sura za uyoga kwa rangi za maji, na michoro hiyo ingaliko hata leo katika mji wa Leiden. Na pamoja na sura hizo aliyaandika majina waliyoyatumia watu wa mashambani, wala hakuona haya kusema kwamba ujuzi wa upi unalika na upi unaua alikuwa ameupokea kwao. Baada yake alikuja Micheli wa Florence, ambaye mwaka 1729 aliwatangazia watu kuwa uyoga una mbegu, laini mithili ya vumbi, na kwamba yeye mwenyewe alizipanda juu ya vipande vya tikiti zikaota. Maneno haya hayakusadikiwa na wengi wa zama zake, kwa kuwa dhana iliyotawala ni kwamba uyoga huzaliwa na uozo wenyewe.

Mtu aliyeiwekea elimu hii msingi wa kudumu alikuwa mzaliwa wa Afrika, nalo ni jambo lisilotajwa kwa kadiri linavyostahiki. Christiaan Hendrik Persoon alizaliwa katika Rasi ya Tumaini Jema, akapelekwa Ulaya angali mtoto, na mwaka 1801 akatoa kitabu chake cha kuupanga uyoga kwa aina na koo zake; kisha akaishi Paris katika ufukara, akifanya kazi usiku na mchana katika chumba cha orofa ya juu, hata akafariki mwaka 1836. Elias Fries wa Uswidi, aliyeanza kutoa kitabu chake kikuu mwaka 1821, aliiendeleza kazi hiyo kwa kuangalia rangi ya zile mbegu: kofia ya uyoga hulazwa juu ya karatasi usiku kucha, na asubuhi huonekana pale chini alama nyeupe, au ya waridi, au ya hudhurungi, au nyeusi, nayo huwa ni ithibati ambayo jicho peke yake haliwezi kuitoa.

Kamera ilipoanza kuingia msituni mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, wengi walidhani taabu imekwisha. Profesa George Francis Atkinson wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alichapisha mwaka 1900 kitabu chenye picha zaidi ya 200 alizozipiga mwenyewe, na uzuri wa picha zile haujapungua hata sasa, kwa jinsi alivyoupanga uyoga mchanga kando ya uliokomaa, na mwingine kuupindua ili ionekane mikunjo myembamba iliyo chini ya kofia, na kitako cha shina akakiacha kizima pamoja na kile kifuko kinachokizunguka, ambacho katika ukoo wa Amanita ndicho kinachomwonya mchumaji dhidi ya mauti. Walakini picha hizo zilikuwa za rangi nyeusi na nyeupe, na Atkinson alilazimika kueleza kwa maneno yale ambayo lenzi haikuyaweza: rangi, harufu, ladha, na namna nyama ya uyoga inavyobadilika ikikatwa.

Upungufu huo si wa rangi pekee. Uko uyoga uitwao Chlorophyllum molybdites, uotao katika majani mafupi ya viwanja na bustani za nchi za joto, nasi Afrika ya Mashariki tunao, mweupe, mpana, wenye magamba ya hudhurungi juu ya kofia, ambao ukitazamwa kutoka juu hautofautiani na jamaa zake wanaolika. Ila mbegu zake ni za kijani, na mwenye kuula hutapika na kuharisha vibaya. Picha iliyo safi kuliko zote, ikiwa imepigwa kutoka juu tu, haimfai kitu mwenye kutaka kuutambua. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye siri yote ya kazi hii: picha ya uyoga haitafuti uzuri kwanza, hutafuta ushahidi.

Ushahidi wa namna hiyo ulipatikana kwa wingi katika misitu ya Kongo, kwa mkono wa mwanamke ambaye hakuwa na kiti katika chuo chochote. Bibi Goossens-Fontana, aliyekaa katika nchi hiyo iliyokuwa wakati huo chini ya Wabelgiji, alianza katika miaka ya 1920 kuokota uyoga wa msituni, hususan katika pande za Binga, na kuuchora kwa rangi za maji ungali mbichi, kisha kuukausha na kuupeleka Brussels pamoja na michoro na maelezo yake. Huko Maurice Beeli aliupokea, akauchunguza, akatoa majina kwa aina nyingi ambazo elimu ya Ulaya haikuwa imezijua, na mwaka 1935 likaanza kutolewa toleo la kwanza la mfululizo wa vitabu vya uyoga wa Kongo wenye sura za rangi. Mwaka uliofuata filamu za rangi za Kodachrome zilianza kupatikana kwa kamera za kawaida. Lakini michoro ya Bibi huyu haikuondolewa thamani, maana filamu huuchukua mwanga wa chini ya miti mikubwa ukakitia kila kitu ukijani, na mchoraji mwenye uyoga mkononi huweza kuisahihisha rangi hata ikalingana na kweli. Kazi hiyo iliendelezwa na wataalamu wengine baada ya Beeli, na mojawapo katika aina za uyoga zitokazo huko, Cantharellus goossensiae, imebeba jina la yule Bibi.

Mmoja wa wale walioiendeleza alikuwa Roger Heim wa Ufaransa, naye ndiye aliyeuwekea ukoo wake mbali, mwaka 1942, ule uyoga wa vichuguuni, akauita Termitomyces. Kila aliyelelewa kijijini katika bara yetu anaujua: mvua za kwanza zikinyesha, juu ya kichuguu hutokea kofia nyeupe au za kijivu, na shina lake huenda chini sana, likiwa kama mzizi, mpaka katika vyumba ambamo mchwa huulisha uyoga majani na vipande vya miti vilivyokwisha kupita matumboni mwao, nao huula uyoga huo kwa zamu yao. Anayeng'oa kofia peke yake huiacha ardhini nusu ya khabari. Mama mwenye kujua huchimba taratibu kwa kijiti, na mpiga picha anapaswa kumwiga. Uyoga mkubwa kupita wote wa ukoo huu, ambao kofia yake yaweza kufikia upana wa takriban mita moja, haukupata jina la kitaalamu, Termitomyces titanicus, ila mwaka 1980, kwa kazi ya Pegler na Piearce nchini Zambia. Na wakati huo wote wenyeji walikuwa wakiuuza na kuula. Kuupa jina huko hakuwezi kuitwa uvumbuzi, isipokuwa kwa maana ya kuandikwa katika daftari.

Kwetu Tanzania, kituo cha Amani katika milima ya Usambara kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kwa ajili ya utafiti wa kilimo na mimea, na David Pegler wa bustani ya Kew alitoa mwaka 1977 orodha yake ya awali ya uyoga wa Afrika ya Mashariki. Hata hivyo vitabu vya aina hiyo viliandikwa kwa ajili ya mtaalamu aliyeketi mbele ya darubini. Kazi iliyonigusa zaidi ni ile ya Marja Härkönen wa Finland pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo andiko lake la awali kuhusu uyoga unaolika lilitoka mwaka 1995, na kitabu chenye picha za rangi, walichokiandika pamoja na Tuomo Niemelä wa Finland, kikafuatia mwaka 2003. Watu hawa walikwenda vijijini wakawauliza wachumaji, hasa wanawake, wakatembea nao katika miombo ambako uyoga wa rangi ya manjano na nyekundu huota ukiwa umefungamana na mizizi ya miti hiyo, wakauliza wanauitaje, wanaupikaje, wanauogopa upi. Na majina ya makabila yakapigwa chapa kando ya jina la Kilatini, kwa hadhi iliyo sawa.

Jambo moja waliloliona ni kwamba mchumaji hodari huutambua uyoga kwa mti ulioko juu yake na kwa majira ya mvua kabla hajainama kuutazama. Kwa hiyo mpiga picha wa leo, ambaye simu yake humwandikia tarehe na mahali bila ya kuombwa, na aupige uyoga ukiwa bado umesimama pamoja na majani yaliyouzunguka, kisha aupige pamoja na gome na jani la mti ulio karibu nao, halafu auchimbue na kuupindua, aukate katikati, na kofia moja ailaze juu ya karatasi iliyo nusu nyeupe na nusu nyeusi mpaka kesho yake. Na asiondoke kabla hajamwuliza mwenyeji aliyepo jina la uyoga ule, na kuliandika kama lilivyotamkwa.