Udalali wa nyumba Marekani: je, ujira wa wakala una thamani yake?

Tangu tarehe 17 Agosti mwaka 2024, mtu anayetafuta nyumba ya kununua nchini Marekani kwa kawaida hutakiwa kutia saini mkataba na wakala wake kabla wakala huyo hajampeleka kuitazama nyumba ya kwanza. Mkataba huo hutaja kiwango cha ujira wa wakala, na hueleza waziwazi kwamba ujira huo haukupangwa na sheria, bali ni jambo la mapatano baina ya pande mbili.

Kwa msikilizaji aliyekulia Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, ambako kupatana na dalali ni jambo la kila siku, sharti hilo laweza kuonekana kuwa la ajabu. Je, kabla ya hapo Wamarekani hawakuwa wakipatana? Kisheria waliruhusiwa, kwa desturi, wengi hawakufanya hivyo. Kwa miongo mingi muuzaji alikatwa aghalabu kati ya asilimia 5 na 6 ya bei ya nyumba, na fedha hizo ziligawanywa baina ya wakala wake na wakala aliyemleta mnunuzi. Nyumba iliyouzwa kwa dola 400,000 iliweza kumgharimu mwenyewe dola 24,000 za udalali, kiasi ambacho kwa familia nyingi ni akiba ya miaka kadhaa.

Swali la iwapo mawakala wanastahili fedha hizo limeulizwa mara nyingi. Historia inaonyesha kwamba ndani yake mna maswali mawili ambayo huchanganywa: wakala hufanya kazi gani, na ni nani anayemlipa. Ni swali hilo la pili lililowafikisha mahakamani.

Daftari la pamoja

Mwishoni mwa karne ya 19, wakati miji ya Marekani ilipokuwa ikipanuka kwa kasi, kila dalali alikuwa na daftari lake la nyumba zinazouzwa. Daftari hilo ndilo lililokuwa mtaji wake, kwani mnunuzi asiyemfahamu hakuwa na njia ya kujua yaliyomo. Hatimaye madalali wakaanza kukutana katika ofisi za vyama vyao vya mijini na kubadilishana habari, kwa makubaliano kwamba yeyote atakayeleta mnunuzi wa nyumba iliyo mikononi mwa mwenzake atapewa sehemu ya ujira. Huo ulikuwa mwanzo wa orodha ya pamoja ya nyumba, ambayo hadi leo ndiyo uti wa mgongo wa biashara hiyo.

Mwezi Mei mwaka 1908, madalali 120 walikutana mjini Chicago wakaunda chama cha taifa, ambacho sasa hujulikana kwa jina la National Association of Realtors. Mwaka 1913 chama hicho kilipitisha kanuni za maadili. Haja ilikuwapo: wakati ule karibu mtu yeyote aliweza kujiita dalali, na matapeli hawakukosekana. Baadaye majimbo nayo yakatunga sheria za leseni.

Faida ya mfumo huo ilikuwa ya kweli. Muuzaji aliyemkabidhi nyumba dalali mmoja aliwafikia wateja wa madalali wote wa mji wake. Lakini mfumo huohuo uliwapa madalali uwezo mwingine, nao ulikuwa mzito zaidi.

Walinzi wa mlango

Mwenye daftari huweza kuamua nani aonyeshwe nyumba na nani asionyeshwe. Mwaka 1924 chama hicho kiliingiza katika kanuni zake kifungu kilichomkataza dalali kuingiza katika mtaa watu wa rangi au taifa ambalo kuwapo kwake kungedhaniwa kushusha thamani ya nyumba. Kwa maneno mengine, kuwafungia Wamarekani weusi milango ya mitaa ya Wazungu kulihesabiwa kuwa ni sehemu ya maadili ya kazi.

Sheria ya makazi iliyopiga marufuku ubaguzi huo ilitiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 11 Aprili mwaka 1968, wiki moja baada ya kuuawa kwa Martin Luther King. Chama chenyewe kiliomba radhi hadharani mwaka 2020. Kwa Waafrika waliohamia Marekani katika miongo ya karibuni, historia hiyo si ya mbali: ramani ya mitaa wanayoikuta, pamoja na tofauti ya bei za nyumba kati ya mtaa na mtaa, kwa sehemu ilichorwa na maamuzi ya madalali wa wakati ule.

Bei inayofanana

Suala la ujira lilifika mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1950. Bodi ya madalali wa mji wa Washington ilikuwa imewapangia wanachama wake viwango vya udalali. Mahakama iliamua kwamba kupanga viwango hivyo kwa pamoja kulikiuka Sheria ya Sherman ya mwaka 1890, ambayo hukataza njama za kuzuia ushindani. Madalali walikuwa wamejitetea kwamba huduma yao si biashara kwa maana iliyokusudiwa na sheria hiyo. Majaji walio wengi hawakuukubali utetezi huo.

Baada ya hukumu hiyo ingetazamiwa kwamba kila dalali angetoza bei yake. Lakini viwango vilipoondoka kwenye karatasi, vilibaki katika mazoea. Sababu mojawapo ilikuwa orodha ya pamoja. Muuzaji aliyetoa sehemu ndogo kwa dalali wa upande wa pili alihofia kwamba madalali wengine wangeiruka nyumba yake na kuwapeleka wateja wao kwingine. Bei ikafanana bila ya kikao chochote cha kuipanga.

Lilikuwapo pia tatizo la uaminifu. Ripoti ya Tume ya Biashara ya serikali kuu ya Marekani, iliyotolewa mwaka 1983, ilionyesha kuwa wanunuzi wengi waliamini kwamba dalali anayewazungusha ni wa upande wao, ilhali kisheria mara nyingi alikuwa akimtumikia muuzaji. Mnunuzi aliyemnong'oneza dalali kwamba angeweza kuongeza dola 5,000 alikuwa, pasipo kujua, akimweleza mwakilishi wa mtu anayeshindana naye. Katika miaka ya 1990 mawakala wa wanunuzi walianza kutambuliwa rasmi. Hata hivyo, malipo yao yaliendelea kutoka katika fungu la muuzaji, na kanuni za orodha zilimtaka wakala wa muuzaji atangaze kiasi atakachompa mwenzake.

Hesabu za wachumi

Kuja kwa intaneti kulifungua daftari. Mtandao wa Zillow ulipozinduliwa mwaka 2006, mtu aliyeketi jikoni kwake aliweza kuona bei za nyumba za mtaa mzima. Mawakala wa tiketi za ndege walikuwa wamekwisha kuona ujira wao ukipungua na kutoweka, na wengi walidhani kwamba zamu ya madalali wa nyumba imefika. Haikuwa hivyo.

Wachumi Steven Levitt na Chad Syverson walichunguza mauzo ya nyumba karibu 100,000 katika eneo la Chicago, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2008. Waligundua kuwa wakala anapouza nyumba yake mwenyewe, huiacha sokoni kwa wastani wa siku 9 na nusu zaidi, na huiuza kwa bei iliyo juu kwa takriban asilimia 3.7, ikilinganishwa na nyumba za wateja.

Sababu yake ni ya hesabu nyepesi. Tuseme kusubiri wiki mbili kutaongeza dola 10,000 katika bei. Kati ya udalali wa asilimia 6, nusu huenda upande wa pili, na nusu ya kinachobaki huweza kuchukuliwa na kampuni ya wakala. Mkononi mwake huingia asilimia 1.5, yaani dola 150 tu. Kwa mwenye nyumba, dola 10,000 ni jambo kubwa. Kwa wakala, dola 150 hazilipi wiki mbili za kazi. Basi humshauri mteja akubali bei iliyopo. Asilimia, ambayo hudhaniwa kuwafunga wawili hao kamba moja, huwafunga kwa ulegevu.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2009, uliangalia mji wa Madison katika jimbo la Wisconsin, ambako wenye nyumba wengi walijiuzia wenyewe kupitia mtandao wa bei nafuu. Wauzaji hao hawakupata bei ya chini kuliko waliotumia mawakala. Hata hivyo, nyumba zao zilichukua muda mrefu zaidi kuuzika, na baadhi yao walirudi kwa mawakala baada ya kushindwa. Kwa hivyo wakala anauza kitu: wepesi na uhakika wa mauzo. Linalobaki ni bei ya kitu hicho.

Hukumu ya Missouri

Tarehe 31 Oktoba mwaka 2023, jopo la raia katika mahakama ya Kansas City, jimbo la Missouri, liliamua kwamba chama cha taifa cha madalali pamoja na baadhi ya makampuni makubwa walikula njama kuuweka ujira juu. Fidia iliyotajwa ilikuwa karibu dola bilioni 1.8. Mwezi Machi mwaka 2024 chama hicho kilikubali kulipa dola milioni 418 na kubadili kanuni zake, bila ya kukiri kosa.

Mabadiliko yalikuwa mawili. Malipo ya wakala wa mnunuzi hayatangazwi tena katika orodha ya pamoja, na mnunuzi hutia saini mkataba wake mapema. Muuzaji bado anaweza kukubali kulipia pande zote mbili, na wengi wameendelea kufanya hivyo. Ndiyo maana punguzo kubwa la ghafla lililotarajiwa na baadhi ya watu halikutokea.

Kanuni hizo zina makali pande zote mbili. Familia inayonunua nyumba yake ya kwanza, iliyokusanya kwa taabu fedha za malipo ya awali, sasa huenda ikalazimika kumlipa wakala kwa fedha taslimu, kwani kwa kawaida benki haziuongezi ujira huo katika mkopo. Familia hiyo ikiamua kuingia bila wakala, itakabiliana peke yake na muuzaji mwenye wakala mzoefu. Mgeni asiyezifahamu vyema sheria za nchi ndiye anayemhitaji zaidi mtu wa upande wake, na huenda ndiye mwenye uwezo mdogo zaidi wa kumlipa.

Aliyemwita ndiye amlipe

Nchini Uingereza muuzaji hulipa takriban asilimia 1 hadi 1.5 pamoja na kodi, na kwa kawaida mnunuzi hana wakala. Kwa upande wa wapangaji, sheria iliyoanza kutumika England tarehe 1 Juni mwaka 2019 iliwakataza mawakala kuwatoza ada nyingi walizokuwa wakitozwa. Mjini New York, tangu tarehe 11 Juni mwaka 2025, wakala wa nyumba ya kupanga hulipwa na yule aliyemwajiri. Hapo awali mpangaji aliweza kudaiwa maelfu ya dola kwa ajili ya mtu ambaye hakumwita.

Mpangaji wa Dar es Salaam anaijua hali hiyo. Huko desturi ni kumlipa dalali kodi ya mwezi mmoja, mbali na kodi ya miezi kadhaa inayotakiwa na mwenye nyumba. Nchini Kenya ipo sheria ya mawakala wa nyumba ya mwaka 1984, inayomtaka wakala awe amesajiliwa. Hata hivyo madalali wasiosajiliwa hawakosekani mitaani.

Neno dalali limetoka katika Kiarabu na lina asili moja na neno dalili: dalali ni mwenye kuonyesha. Zamani alilipwa kwa kuonyesha kilichofichika. Leo picha za nyumba ziko wazi kwa kila mwenye simu, lakini yapo yaliyobaki gizani: paa linalovuja, deni lililowekewa nyumba dhamana, mpaka wenye ugomvi, hati ya kiwanja kilichokwisha kuuzwa kwa mtu mwingine. Mswahili aliyeko Muscat au London na kutuma fedha za kununua kiwanja nyumbani anajua kwamba dalali mwaminifu, anayekwenda kuikagua hati kabla ya fedha kutoka, ana thamani iliyo juu ya ujira wake. Anayejua kupiga picha na kufungua mlango hana thamani hiyo, hata kama asilimia yao ni moja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa zaidi ya karne moja daftari la nyumba za Marekani lilikuwa mikononi mwa madalali, na wateja walilipa bila ya kuuliza. Mkataba unaotiwa saini leo mlangoni haupunguzi hata senti moja kwa nguvu zake wenyewe. Unampa mteja nafasi ya kuuliza, kabla ya kuingia, atafanyiwa kazi gani, kwa kiasi gani, na kwa fedha ya nani.