Sonona mjini Kisangani

Sonona ni ugonjwa wa akili unaomshika mtu kwa huzuni nzito au kwa kukosa hamu ya kila kitu, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, mpaka usingizi, chakula, kazi na maelewano yake na watu yanaharibika. Mjini Kisangani, makao makuu ya mkoa wa Tshopo, watu husema tu kwamba fulani ana mawazo mengi. Mwenyewe hutaja mwili kwanza: kichwa kinauma, moyo unadunda, usingizi unakatika saa tisa usiku. Akifika kituo cha afya hupimwa malaria na homa ya matumbo, hupewa vidonge, kisha hurudi nyumbani vilevile alivyokuja. Malaria imejaa kweli katika misitu ya Tshopo, kwa hiyo si haki kumlaumu muuguzi. Kasoro ni kwamba mara nyingi hakuna anayemuuliza mgonjwa anaishi vipi tangu alipofiwa au alipokimbia kwake.

Na waliofiwa ni wengi. Mji ukiitwa bado Stanleyville ulishikwa na waasi wa Simba mwaka 1964, na tarehe 24 Novemba mwaka huo askari wa miavuli wa Ubelgiji wakashuka. Maasi ya wanajeshi yakafuata 1966 na 1967. Jeraha ambalo Waboyoma, yaani wenyeji wa Kisangani, wengi walio hai wanalikumbuka ni la tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, vita vya siku sita, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipotupiana mabomu juu ya mji usio wa yeyote kati yao. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 ilitaja raia kati ya 244 na 760 waliouawa. Watu wa mji hutaja idadi kubwa zaidi. Mei 2002 mauaji yalirudi. Tangu Februari 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, uliowaka katika komini ya Lubunga ng'ambo ya kushoto ya mto Kongo, umewafukuza maelfu ya watu makwao.

Chombo kikuu cha kubebea huzuni mjini ni kilio, ambacho wasemaji wa Kilingala huita matanga. Habari ya kifo ikitoka, turubai hufungwa mbele ya nyumba, mara nyingine likaziba nusu ya barabara, na viti vya plastiki vya kukodi hupangwa chini yake. Mtu mwenye mwandiko mzuri hukaa mezani na daftari, akiandika jina la kila anayetoa mchango na kiasi chake. Wanawake wa ukoo hulala kwenye mikeka pamoja na mfiwa. Wanaume hukesha nje kwa mazungumzo, na kwaya ya parokia huja kuimba. Siku hizo mfiwa haachwi peke yake, hubembelezwa ale, na akitaka kupiga mayowe hakuna wa kumnyamazisha. Ni vigumu kubuni msaada bora wa siku za mwanzo.

Ila kilio hudai maiti na tarehe. Mke aliyeachwa na bwana, kijana mwenye diploma asiyepata kazi, mkimbizi ambaye shamba lake limebaki mikononi mwa wengine: hao hawafungiwi turubai. Katika vita vya 2000 hata waliokufa walikosa kilio, kwa kuwa wengine walizikwa uani huku mabomu yakianguka. Na kwa waliofanyiwa kilio, turubai likishafunguliwa kila mtu hurudi kwake, ilhali sonona mara nyingi huanza wakati huo.

Kinachobaki ni msaada wa kila siku. Likelemba, mchango wa zamu wa wanawake wa sokoni, husaidia kuliko inavyodhaniwa: asiyeleta fedha yake hufuatwa nyumbani, na anayekuja kudai hukuta mtu hajaoga wala hajala. Makanisa ya uamsho hutoa maombi, nyimbo na watu wa kumkumbatia mgonjwa. Hayohayo huweza kumdhuru yakimfungisha mtu ambaye tayari hali, yakimkataza dawa, au yakimtafutia ndoki, yaani mchawi, miongoni mwa jamaa zake. Lotoko, pombe kali ya kienyeji, ni rahisi kupata na huleta usingizi kwa saa chache, lakini pombe huizidisha sonona.

Mji huu si mgeni wa elimu ya nafsi. Mwaka 1971, vyuo vikuu vya nchi vilipounganishwa kuwa chuo kimoja cha taifa, masomo ya saikolojia na ualimu yaliwekwa Kisangani. Uhusiano wa saikolojia na ualimu umebaki, na wahitimu wengi huishia shuleni, si wodini. Dawa mbili za sonona, amitriptilini na fluoksetini, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na wengi huziacha kabla ya hapo. Mazungumzo ya tiba pia huponya bila daktari bingwa. Utafiti uliochapishwa 2013 kuhusu wanawake wa mashariki mwa Kongo walionusurika ubakaji ulionyesha kwamba miezi 6 baada ya tiba ya vikundi, iliyoongozwa na wasaidizi wa kawaida waliofunzwa, asilimia 9 tu walibaki na dalili za kutosha kuashiria sonona au wasiwasi, dhidi ya asilimia 42 ya waliopewa msaada wa mtu mmojammoja. Tiba hiyo hukaa kama kikundi cha likelemba, na Kisangani ina vikundi tele.

Anayesema hataki kuishi tena asiachwe alale peke yake, wala asipelekwe kwanza kwenye mfungo. Asindikizwe hospitali siku hiyohiyo, na jamaa mmoja abaki naye huko.