Chai Juu ya Kibodi

Chai ilianza kupandwa Limuru mwaka 1903. Mashamba makubwa ya Kericho yakafuata miaka ya 1920, na kikombe kikafika mezani pa karani. Fundi aliyenifunza kazi hapa Ndanai alianzia kwenye taipureta. Chai ikimwagika, alisugua mikono ya herufi kwa brashi na mafuta ya taa, akatia oili, na jioni mashine ikalia tena. Brashi zake ninazo bado.

Laptopu haina subira hiyo. Chai yetu ni maziwa na sukari: ikikauka chini ya vibonye huacha utando unaonata, kisha kutu ya kijani kwenye saketi. Heri maji matupu. Wengine huniletea mashine imefukiwa kwenye mchele, nami huwaambia wakaupike, maana mchele hauondoi sukari. Mimi hufungua, nikasafisha kwa spiriti na mswaki laini.

Chai ikimwagikia laptopu, izime papo hapo, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, ifudikize. Tafadhali usiiwashe kuijaribu. Nyingi huungulia hapo.