Vijana 26 wa Oberhausen na funzo kwa watengenezaji filamu wetu

Tamasha la filamu likimalizika, watu huzungumzia tuzo na nani alivaa nini. Yale mazungumzo ya watengenezaji wenyewe, yanayofanyika mchana ukumbini huku nusu ya viti vitupu, aghalabu hayaandikwi popote. Kwa maoni yangu hayo ndiyo yenye uzito, na ushahidi wangu ni mji wa Oberhausen, Ujerumani, mwaka 1962.

Oberhausen, katika eneo la Ruhr, wakati huo ulikuwa mji wa makaa ya mawe na chuma. Hapo Hilmar Hoffmann alianzisha tamasha la filamu fupi mwaka 1954, na lingalipo hadi leo. Filamu fupi haina kipimo kimoja duniani. Waandaaji wa tuzo za Oscar huhesabu ile isiyozidi dakika 40. Gharama yake ni ndogo kuliko ya filamu ndefu, ndiyo maana huwa mlango wa kijana asiye na tajiri nyuma yake.

Wakati huo sinema ya Ujerumani Magharibi ilikuwa mahututi. Mwaka 1956 ziliuzwa tiketi zaidi ya milioni 800. Kufikia 1962 zilibaki takriban nusu. Televisheni ilikuwa imeingia majumbani, na kampuni kubwa zikawa zinarudia hadithi zile zile za mapenzi na mandhari za mashambani. Kwa upande mwingine, filamu fupi za vijana zilikuwa zikishinda tuzo nje ya nchi. Vijana hao walikuwa na sifa, lakini hakuna aliyewapa fedha za kutengeneza filamu ndefu.

Tarehe 28 Februari 1962, wakati wa tamasha la nane, vijana 26 walitoa tamko mbele ya waandishi wa habari. Miongoni mwao walikuwa Alexander Kluge, Edgar Reitz, Haro Senft na Peter Schamoni. Walisema sinema ya zamani imekufa na kwamba wao wanaiamini mpya. Walitaka uhuru wa aina tatu: kutobanwa na desturi za biashara ya filamu, kutoamrishwa na wenye mitaji, na kutotawaliwa na makundi yenye maslahi. Wakaongeza kwamba wako tayari kubeba hasara kwa pamoja.

Naomba msomaji atazame mpango wao. Kwanza walionyesha kazi, ndipo wakasema. Walisema kwa sauti moja, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Tena hawakuishia kwenye manung'uniko. Waliendelea kuwabishia hodi wakubwa. Mwaka 1965 serikali ikaunda mfuko wa kusaidia filamu za vijana, uitwao Kuratorium junger deutscher Film, uliokuwa ukitoa mikopo isiyo na riba. Mwaka uliofuata filamu ndefu ya kwanza ya Kluge, "Abschied von gestern", ilipata tuzo ya Simba wa Fedha katika tamasha la Venice.

Mambo hayakunyooka yote. Sheria ya filamu iliyopitishwa mwishoni mwa 1967 iliwapendelea watayarishaji ambao filamu zao zilikuwa zimeshauza sana, kwa hiyo wachanga wakasukumwa pembeni tena. Ndipo mwaka 1971 waongozaji kadhaa wakaanzisha shirika lao wenyewe, Filmverlag der Autoren. Tena kati ya wale 26 hakukuwa na mwanamke hata mmoja. Wanawake walilazimika kujitafutia jukwaa, na mwaka 1973 Helke Sander na Claudia von Alemann wakaandaa semina ya filamu za wanawake mjini Berlin.

Yatuhusu nini sisi huku? Chukua mfano wa "Watu Wote", filamu fupi ya mwaka 2017 inayotokana na shambulio la basi huko Mandera, Desemba 2015, pale abiria Waislamu walipokataa kutenganishwa na Wakristo. Ni kisa chetu, na ndani yake mnazungumzwa Kiswahili na Kisomali. Ilifika hadi kuteuliwa kuwania Oscar mwaka 2018. Walioitengeneza, wakishirikiana na Wakenya, ni wanafunzi wa chuo cha Hamburg chini ya mwongozaji Katja Benrath. Siwalaumu, wamefanya kazi njema, nami nawapongeza. Ninachouliza ni kwa nini kijana wa kwetu mwenye kisa kama hicho hana mahali pa kupeleka ombi lake akasikilizwa.

Majukwaa hatujayakosa. Jirani zetu wa Zanzibar wana ZIFF, Tamasha la Nchi za Jahazi, lililoanzishwa mwaka 1997. Na hapa Kenya, Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inamtaka anayetengeneza filamu ya kuonyesha hadharani awe na leseni. Kijana wa Lamu au Kwale anayeona masharti ni mazito asinung'unike barazani peke yake. Akae na wenzake, wa kike na wa kiume, waandike ukurasa mmoja: leseni iweje, mkopo upatikane wapi, na ukumbi gani wa kaunti ufunguliwe kwa maonyesho. Kisha wausome tamashani mbele ya waandishi, na wiki inayofuata waupeleke ofisini wakiwa na nakala iliyopigwa muhuri.