Namba Iliyosahauliwa: Badiliko la Msimbo na Sababu Yake, 1972–2009

Makala haya yanachunguza jambo dogo ambalo historia za kompyuta hulipita haraka: namba inayounganisha badiliko la msimbo wa programu na taarifa ya kasoro iliyolisababisha. Hoja yetu ni kwamba kiungo hicho kiliwahi kuweza kuwa sharti la mashine, kisha kikaachwa kuwa hiari ya mtu.

Mwaka 1972, Marc Rochkind wa Bell Labs, Marekani, alianza kuunda SCCS, mfumo wa kuhifadhi kila badiliko la msimbo. Katika SCCS iliyoenea pamoja na Unix, msimamizi aliweza kuagiza kwamba faili fulani lisipokee badiliko lisilo na namba ya ombi la marekebisho. Aliweza pia kuteua programu ya kuihakiki namba hiyo. Ikionekana si halali, badiliko halikupokewa. Mtunza bohari yeyote angeutambua utaratibu huo: bila hati, mzigo hautoki.

RCS ya Walter Tichy (1982), na CVS iliyojengwa juu yake, ziliridhika na maelezo huru. Bugzilla ilipoanza kutumika katika mradi wa Mozilla mwaka 1998, kasoro zilipata daftari lao, lakini msimbo ulikaa kwingine, ndani ya CVS. Vilivyotenganishwa viliunganishwa na mazoea tu: mtu kuandika namba ya kasoro katika maelezo yake, akikumbuka.

Mwaka 2005, Śliwerski, Zimmermann na Zeller walitaka kujua ni mabadiliko gani yaliyozaa kasoro katika Eclipse na Mozilla. Iliwabidi waokote namba kutoka kwenye maelezo hayo, kisha wapime kama ni za kasoro kweli, na kama aliyeweka badiliko ndiye aliyekabidhiwa kasoro. Kazi hiyo ya werevu ilifuatwa na wengi, pengine kwa imani kupita kiasi. Mwaka 2009, Christian Bird na wenzake walionyesha kwamba viungo vilivyokosekana havikukosekana kibahati: kuwapo kwake kulihusiana na uzito wa kasoro na uzoefu wa mrekebishaji. Kwa hiyo, kielelezo cha kutabiri kasoro hujifunza pia tabia za walioandika kumbukumbu. Mshauri wa sera anayeletewa takwimu za kasoro za mfumo wa umma ana haki ya kuuliza kwanza ni mabadiliko mangapi hayana namba, na ni ya akina nani.

Git ya Linus Torvalds, iliyozaliwa mwaka huohuo wa 2005, nayo iliacha maelezo huru. Mradi unaweza kuongeza programu ndogo ya kukagua namba. Ikiwekwa kwenye kompyuta ya msanidi, yeye mwenyewe anaweza kuikwepa, ikiwekwa kwenye seva kuu, hawezi.